Spika Atolewa Nje

Darasani walimwita Spika, na si kwa sababu ya sauti tamu. Mama yake alisema huyu mtoto alizaliwa akiuliza maswali, na mwenyewe hakubisha. Alijijua, akianza kubisha atamaliza kesho.

Kwa hiyo mwalimu wa darasa alipomleta msichana mgeni, aliyekimbia vita kwao akiwa na shangazi yake, na kuuliza nani atakaa naye, Spika alikuwa keshainua mikono yote miwili. Alijiona mkombozi. Alimbebea mkoba, akamtembeza hadi chooni kama mtalii, akamjibia kila alipoulizwa. Anatoka wapi? Spika akajibu. Amezoea? Spika akajibu, amezoea sana. Hata mahudhurio yakisomwa, jina la mgeni likitajwa, aliyeitika "Nipo!" alikuwa Spika. Mgeni akifungua mdomo, anakuta neno limeshaondoka.

Mwishowe mwalimu akasema hajawahi kumsikia mgeni hata mara moja. Atampima kwa maswali ya mdomo. Akishindwa, atarudishwa madarasa mawili nyuma, akakae na watoto wa kimo cha dawati.

"Usiogope, mdogo wangu," Spika akamwambia, ingawa walikuwa rika moja. "Nitakuwepo."

Akawepo kweli, kiti kimegusana na kiti.

"Haya binti, niambie mvua inatokeaje," mwalimu akaanza.

"Maji yakipata joto la jua..." akadakia Spika, kisha akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Alikuwa amechelewa.

Mgeni akamgeukia. "Dada, nakupenda. Lakini toka nje."

Sauti nzito, isiyo na haraka. Spika alikuwa amekaa nayo dawati moja siku zote hizo, na ndiyo kwanza anaisikia.

Akatoka, akasimama chini ya dirisha, ameuma tai ya sare asije akasaidia tena. Ndani, sauti ile ikaeleza mvuke, ikaeleza mawingu, ikajibu hata swali la ramani ambalo Spika angelikosea kwa kujiamini kabisa.

"Kumbe!" mwalimu akacheka. "Basi unabaki hapahapa."

Spika akapiga shangwe mpaka mlinzi wa geti akaja mbio na rungu.

Mgeni alipotoka, akarukiwa. "Alikuuliza nini tena? Ulisemaje? Maana mimi pale ningesema..."

"Tai yako imelowa," mgeni akasema, akiketi kwenye ngazi. "Kaa nikuhadithie. Na usinimalizie."

Spika akakaa. Akafikiri kidogo, akairudisha tai mdomoni.