Fulana Thelathini za Ilinca

Huku Galați mkate wa madhabahuni haukandwi na yeyote tu. Hukandwa na mjane asiye na doa, na katika parokia yetu doa lilikuwa limemtafuta Bibi Leontina Zamfir miaka kumi na tisa bila kumpata. Hasengenyi ila siku za kazi. Kila Jumamosi humpelekea Padri Visarion, aliyeoa kama mapadri wetu wote, kikapu chake cha mikate, kifua mbele kama jenerali.

Basi mwaka ule doa likaja kwa posta.

Lilikuwa sanduku la diski thelathini, albamu ya kwanza ya mjukuu wake Ilinca, anayeimba nyimbo za disko kule Bukareshti. "Wagawie majirani, Bibi," aliandika. Kwenye jalada kasimama juu ya theluji, tumbo nje, mgongo nje, anacheka.

"Figo zake zitaingiwa na baridi!" Bibi akaketi. Kisha akakumbuka kikapu. "Na Padri akiona je?"

Kuzificha asingeweza, mleta barua alikwishatangaza ghorofa zote nne za jengo letu. Akachukua shali kuukuu za kila rangi, akakata vijifulana thelathini, akambandika Ilinca kwa gundi ya unga kutoka shingoni hadi magotini. Mimi, jirani wake wa ghorofa ya chini, nilipewa yangu ikiwa bado mbichi.

Magazeti ya mji mkuu yalishaandika kwamba albamu ile ni wimbo mmoja uliopewa majina kumi na moja. Niliisikiliza. Magazeti yaliihurumia. Ila kwetu nani aliuliza habari za nyimbo?

"Leontina," aliita Mzee Fănică, anayeshinda uani akicheza dadu, "chini ya kitambaa hiki kuna nini?"

"Kuna mjukuu wangu. Tupa dadu zako."

"Mbona wangu wa kijani na wa jirani mwekundu?"

"Mrudishe basi!"

"Thubutu! Nishambandua."

Kufikia Alhamisi jengo zima lilikuwa limembandua kwa mvuke wa birika. Hata wasio na kitu cha kuchezeshea diski walikuja kuuliza kama zimebaki.

Jumamosi Bibi alikwenda kwa Padri miguu mizito. Akaikuta diski mezani, fulana inaning'inia kwa uzi mmoja.

"Leontina, picha hii ilipigwa mwezi gani?"

"Februari, Baba."

"Ndani?"

"Nje. Juu ya theluji hiyo hiyo."

Padri akavua miwani. Bibi akaweka kikapu chini, akaanza kufungua aproni yake ya kukandia mkate wa madhabahuni amkabidhi.

"Na mgongo wazi hivi?" Padri akafoka. "Upepo si unaingia moja kwa moja kwenye figo! Mke wangu aliacha madirisha mawili wazi siku moja tu, shingo yangu haijageuka hadi leo! Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilimwambia, Baba! Tangu ana miaka mitatu namwambia!"

"Funga aproni yako, mama. Tumwombee."

Kesho yake kanisani, Padri aliposoma majina ya wagonjwa, baada ya mzee mmoja wa ngiri likafuata la Ilinca. Kufikia Jumanne mji mzima unajua mwimbaji yu taabani, na duka la sokoni limeishiwa albamu. Watu walinunua kwa huruma, wakacheza kwa huruma.

Ilinca akapiga simu. "Bibi, nani kasema naumwa? Watu wananitumia asali!"

"Huumwi bado," alijibu Bibi, simu begani, mikono kwenye unga wa Jumapili. "Hebu niambie, hapo ulipo umevaa nini?"