Bugali wa Baba

Nilipokuwa bado mtoto wa kuvaa viatu siku ya misa tu, niliishi na Koko, mama mzazi wa baba yangu, katika nyumba ya mbao kwenye mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu. Mama alifariki nikiwa ningali nabebwa mgongoni, na simkumbuki. Baba, jina lake Deo, alikuwa Kamituga akichimba dhahabu. Alirudi mara chache, kila mara amekonda zaidi, akakaa siku chache, akaondoka kabla sijazoea sauti yake. Nyumba ikabaki na watu wawili, na mmoja wao hakuwa msemaji.

Koko hakutupa kitu. Maji ya mvua yaliyotiririka kutoka kwenye mabati aliyakinga kwa beseni. Tulifulia, kisha maji yale yale yakasugua sakafu, na yaliyobaki yakaenda kwenye mboga za lengalenga nyuma ya nyumba. Vipande vya sabuni vilivyokwisha alivifinya pamoja hadi vikawa kipande kimoja chenye rangi mbili. Mifuko ya plastiki aliiosha na kuianika kwenye kamba pamoja na nguo. Mchana mawe ya redio, yaani betri zake, yaliwekwa juani yapate nguvu, na jioni redio iliwashwa kwa ajili ya habari tu. Muziki ukianza, alizima. Watoto wa jirani walikula wakizunguka sinia moja, wakigombania visamaki vya sambaza, nami niliwasikia kupitia ukuta wa mbao huku nikitafuna polepole, kwa sababu ndivyo Koko alivyonifundisha, ili kidogo kinitoshe.

Jambo moja tu lilikwenda kinyume na haya yote. Kila jioni, hata siku ambazo unga ulikuwa wa kukung'uta mfuko, Koko aliacha kipande cha bugali ndani ya chungu, akakifunika kwa sahani. Siku niliyouliza nilikuwa bado na njaa, na nadhani aliiona machoni mwangu.

"Ile ni ya baba yako," aliniambia. "Nyungu ya kwetu ikilala bila kitu, naye atalala njala kule eko."

"Ataikula namna gani, Koko? Eko mbali."

"Ataikula. Lala."

Asubuhi kipande kilikuwa palepale. Koko alikichoma juu ya mbabula, jiko letu la makaa, akanyunyiza chumvi, na hicho kikawa chakula changu kabla ya kwenda shule. Kwa hiyo hata imani yake haikutupa kitu. Lakini mimi niliamini kwamba nilichokula asubuhi kilikuwa ganda tu, ladha yenyewe ilikuwa imekwisha kwenda Kamituga. Wakati mwingine nilikigeuzageuza nikitafuta alama za vidole vya baba. Sikuwa na njia nyingine ya kuwa na baba. Yeye alikula kwanza, mimi nikamalizia.

Kisha ikaja mvua isiyokatika. Redio ilisema barabara ya Mwenga, ile iendayo Kamituga, imekatika, magari yenye unga yamekwama njiani, na huko machimboni udongo umeporomoka. Hawakutaja majina ya watu. Koko aliizima kabla msomaji hajamaliza, halafu akaiwasha tena, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kuanzia jioni ile kipande cha baba kikawa kikubwa kuliko changu. Cha Koko kilipungua hadi nikaanza kumtazama akila, na nikaona kwamba mara nyingi mkono wake ulikwenda kwenye sahani ukarudi mdomoni mtupu.

Hakuna aliyekuja kutuuliza habari. Majirani hawakuwa wabaya, ila kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyekwama mahali fulani.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imetulia. Nilikuwa nikipepea mbabula mlangoni nilipomwona kijana akipanda ngazi za udongo, akisimama mara kwa mara kushika ukuta wa nyumba ya mtu. Tope lilikuwa limemkaukia hadi magotini. Aliniuliza kama hapa ndipo kwa mama wa Deo. Alisema anaitwa Byamungu na anatoka Kamituga.

Koko alitoka akifuta mikono kwenye kikwembe chake. Alimtazama kijana usoni, kisha mabegani, akabaki hapo. Nami nikaona alichokiona. Kijana alikuwa amevaa koti la baba. Kiraka cha kiwiko Koko alikuwa amekishona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia.

"Maman, mie niko na habari," kijana alianza.

"Ikala kwanza, mutoto yangu. Utasema kisha kula."

Alimkalisha kwenye kiti chetu. Hakuchoma kile kipande, alikitoa chunguni kama kilivyokuwa, kigumu na baridi, akakiweka kwenye sahani pamoja na sambaza zilizobaki. Byamungu alikula bila kuinua kichwa. Alipomaliza alilowesha kidole, akaokota makombo moja moja, kisha akazungusha kidole kwenye sahani mpaka ikang'aa. Koko alisimama akimtazama muda wote.

Ndipo Byamungu akasema. Shimo lilikuwa limejifunga, Deo akiwa ndani. Walichimba mpaka mvua ikarudi, wakampata akiwa amekwisha kufa. Walimzika huko huko mlimani na mkatekista akasoma sala. Aliyasema haya taratibu, kama mtu aliyeyarudia njia nzima.

Koko hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa analala njala?"

Byamungu aliitazama sahani mikononi mwake.

"Hapana, maman. Deo hakukuwa analala njala. Hata wakati barabara ilikatika, kila mangaribi kulikuwa kitu. Alikuwa anasema inatoka kwa nyungu ya mama yake."

"Aksanti, mutoto yangu," Koko akasema.

Kijana alianza kuvua koti ili aliache. Koko, ambaye sikuwahi kumwona akitoa hata kitambaa kilichochanika, alilirudisha mabegani mwake na kulifunga kifungo cha juu.

"Vaa. Kule barabarani iko baridi."

Ndugu walikuja kutoka kijiji cha Miti na kwingineko, wakakaa matanga, wakala, wakarudi kwao. Jioni ya kwanza tuliyobaki wawili, Koko alipika kidogo. Tulikula tukamaliza. Akaosha chungu, akakipindua chini, mdomo ukagusa sakafu. Mpaka hapo kifo cha baba kilikuwa maneno ya watu wazima. Nilipoona chungu kimepinduliwa, nikalia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshiba siku hiyo, na sijawahi kuichukia shibe namna ile.

Miaka ilipita kabla sijathubutu kumuuliza. Nilikuwa namaliza sekondari, nimekwisha kujua kwamba barabara ya Mwenga ikikatika, Kamituga hupungukiwa na unga.

"Koko, ulimusadiki Byamungu?"

Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Nilimuona vile alikula. Mutu mwenye kula vile, mwenzake naye alikuwa na njala."

"Basi alikudanganya."

"Angekuwa baba yako mbele ya mama ya mutu mwingine, angejibu vile vile." Alipepeta ungo kidogo, makapi yakaruka. "Nilisikia mutoto yangu mule ndani."

Hatukulizungumza tena. Koko naye amekwisha kufa, na watoto wangu wamehama, mmoja yuko Lubumbashi na mwingine Kinshasa. Ninapika chakula cha mtu mmoja, na jioni ni ndefu. Siamini kwamba bugali wa Kadutu uliwahi kufika Kamituga. Najua baba alilala njaa, pengine mara nyingi, na jirani zake machimboni vilevile.

Lakini juzi, nikisugua sufuria, liliniingia jambo ambalo nilipaswa kuliona zamani. Byamungu hakuwahi kufika kwetu kabla ya asubuhi ile, na Koko hakumwambia kile kipande kilikuwa cha nani. Habari za chungu aliziokota wapi, kama si kwa baba mwenyewe? Basi kulikuwa na jioni, huko mlimani, wachimbaji wamekaa na matumbo matupu, na baba akawasimulia kuhusu mama yake anayemwekea chakula. Alijua kwamba anangojwa. Sijui kama alilisema akicheka, au kama sauti ilimkatika katikati. Ningependa sana kujua, lakini Byamungu hatukumwona tena, na hakuna mwingine aliyebaki wa kumuuliza.