Saa Kando ya Meza ya Sabuni

Watu wa ploti yetu ya nyumba za kupanga, mtaa wa Lucky Summer, hudhani mhasibu hushinda akihesabu noti. Mimi noti za kiwanda ninachofanyia kazi sijawahi kuziona. Kazi yangu ni kumwambia meneja kila shughuli inachukua muda gani na inahitaji watu wangapi, basi.

Ndiyo maana asubuhi moja nilisimama na saa kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, kando ya meza ya wanawake tisa waliokuwa wakipakia sabuni kwenye katoni. Meneja alisimama nyuma yangu. Nilimpima mmoja tu, mama wa mlango wa pili pale kwenye ploti yetu, kwa kuwa nilimzoea. Aliponiona, mikono yake ikaanza kukimbia hadi jasho likamtoka. Nilijua huo si mwendo wake wa kila siku. Nikauandika hivyo hivyo, kwa uvivu tu.

Meneja akauliza, kwa mwendo huo tunahitaji wangapi? Nikapiga hesabu. Sita.

Yule mama alikuwa mmoja wa watatu walioachishwa. Jumamosi nilimkuta kwenye kamba ya nguo. Nilingoja nione aibu, haikuja. Akasogeza shuka zake ili nipate pa kuanika.

“Siku ile nilidhani meneja amekuja kukupima wewe,” akaniambia. “Nikaharakisha, mwanangu, wasije wakakufuta kazi.”

Nikamwambia asante, mama. Kisha nikaanika shati langu la kazini.