Mfagiaji wa Herakleja na Majina ya Wafu

Pua ya mbwa ndiyo hutangulia kuonekana.

Ni saa moja asubuhi, mwezi wa Aprili, katika magofu ya Herakleja, nje kidogo ya mji wa Bitola, karibu na mpaka wa Ugiriki. Trena Gulevska amepiga magoti, ufagio mdogo mkononi, anaondoa mchanga uliofunika sakafu ya vijiwe vya rangi. Kila mwaka kabla ya baridi kali, sakafu hii huzikwa chini ya mchanga ili barafu isiipasue. Theluji ikishayeyuka, hufukuliwa tena. Trena huanzia pembe ileile, alipo mbwa mwekundu wa vijiwe, aliyechorwa amefungwa kwenye mtini.

"Umeamka?" anamuuliza mbwa kwa sauti ya chini.

Shangazi Ratka, anayefagia pamoja naye, anaangua kicheko. "Mbwa unamsemesha, watu huwasemeshi! Angalia mwaka huu asibweke yeye kabla yako."

Utani huo una mwiba, na Trena anaujua.

Ana umri wa miaka ishirini na minne. Aliacha shule darasa la sita, mama yake alipoumwa mgongo na shamba la tumbaku likakosa mikono. Kwa kufagia hupata denari elfu ishirini na mbili kwa mwezi, lakini msimu ukiisha na mshahara umeisha. Anachokitaka ni kazi ya kuwaongoza wageni, ambayo ina mkataba wa mwaka mzima.

Mwaka jana aliikaribia. Msimamizi wa magofu, Ilcho Dimovski, alimpa kundi la kujaribia. Trena alipomtaja mfalme Aleksandar Mkuu, mgeni mmoja akapaza sauti, "Hilo si jina lake!" Maneno yakamkauka kinywani. Alisimama pale kama nguzo, watu wakimtazama, mpaka Ilcho alipokuja kumalizia ziara. Kesho yake alirudi kwa mbwa wake.

"Sikuwa nimesahau," anasema huku akiangalia viatu vyake. "Niliyajua yote. Ila nilidhani yule bwana anasema kweli. Nilidhani jina la kweli ni moja, na mimi niliyeishia darasa la sita nimefundishwa la uongo."

Kilichomgeuza hakikutoka kitabuni. Kilitoka makaburini, Februari hii, katika Jumamosi ya wafu.

Siku hiyo wanawake hubeba ngano iliyochemshwa, mkate, jibini na divai, na kwenda navyo kwa marehemu wao. Kila apitaye karibu na kaburi hupewa kijiko cha ngano, na anayempa humtaja marehemu: kwa roho ya fulani. Anayekula huwa amemlisha yule aliye chini.

Mama yake Trena alichota ngano na kusema, "Kwa roho ya Elena." Ndivyo jiwe la kaburi la bibi yake Trena lilivyoandikwa. Bibi Kita, dada mdogo wa huyo marehemu, akakisukuma kijiko kando.

"Elena ndiye nani?"

"Si dada yako huyu, mama mdogo?"

"Dada yangu mama yetu alimwita Lenka. Shule ya ng'ambo ya mpaka ikamwandika Eleni. Vita vikatuleta huku, karatasi za huku zikamfanya Elena. Wewe umeita karatasi, unadhani itakuja kula?"

"Basi kwa roho ya Lenka."

"Na yule Eleni aliyekuwa akicheka darasani na wenzake, abaki na njaa? Wataje wote, mwanangu. Mtu ni mmoja, milango ni mitatu."

Mama akataja yote matatu. Trena alikuwa nyuma na kikapu. Hakuwa amewahi kutaja jina la mtu kaburini. Kazi yake ilikuwa kubeba.

Lakini maneno ya Bibi Kita alitembea nayo siku zote zilizobaki za baridi. Mchanga ulipotoka sakafuni, alikwenda mwenyewe kwa Ilcho na kuomba ajaribiwe tena.

"Binti, nakutakia mema," Ilcho alimjibu. "Lakini mwongozaji asiye na sauti ni kengele ya sufu. Nafasi ni moja. Ukinyamaza tena, Jumatatu namwita mtu kutoka Skopje."

"Sawa, mjomba."

"Sawa nini?"

"Sitanyamaza."

Jumapili ya kujaribiwa ilikuja katikati ya Mei. Wageni walikuwa kumi na kadhaa. Mzee Nejat alikuwa amesafiri kutoka Izmir kuuona mji huu wa Bitola, ambao bibi yake aliuhama ukiitwa Manastir. Bi Stavrula, mwalimu kutoka upande wa Ugiriki, alikuwa amevuka mpaka kuja kung'oa jino, akaona apoteze saa moja magofuni, shavu likiwa limevimba. Besnik alikuwa kijana Mwalbania wa Struga, amekuja na mchumba wake. Kila mmoja alijua Kimasedonia cha kutosha kugombana.

"Mji huu aliuanzisha mfalme Filip," Trena alianza. "Akaupa jina la shujaa Herakle, ambaye wafalme wale walimhesabu kuwa babu yao. Sakafu hii ilikuja karne nyingi baadaye. Filip ndiye baba yake Aleksandar."

"Iskender," alisema Mzee Nejat.

"Iskender ni kebabu ya kwenu," Bi Stavrula alijibu, mkono shavuni. "Huyu ni Megaleksandros."

"Kwetu ni Leka," Besnik akaingilia. "Na mama yake alikuwa wetu."

"Wenu tangu lini?"

"Tangu kabla jino lako halijaota!"

Sauti zikapanda. Shangazi Ratka akaacha kufagia. Ilcho akakunja mikono kifuani. Trena alihisi ulimi ukigeuka mbao, kama mwaka jana. Akamtazama mbwa mwekundu, kisha akainua macho.

"Nisikilizeni," alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, hata ikabidi wanyamaze ili waisikie.

"Kwetu tukimpelekea marehemu chakula, tunamtaja kwa majina yake yote. Tukiacha moja, analala njaa. Mfalme huyu aliondoka nchi hii kijana, akafia mbali, mama yake hakumzika. Tumlishe basi. Kila mtu aseme bibi yake alimwitaje, na alimsimulia nini."

Mzee Nejat ndiye aliyeanza. Bibi yake alisema Iskender alikuwa na pembe mbili kichwani, na kinyozi wake alishindwa kuitunza siri, akaenda kuinong'oneza kisimani. Bi Stavrula akasema babu yake baharia alifundishwa kwamba nguva akitokea na kuuliza kama mfalme yu hai, ujibu upesi, "Yu hai na anatawala," la sivyo atazamisha chombo.

"Wangu hakusimulia lolote," alisema Besnik. "Alikuwa akinichapa tu na kusema hata Leka alianza kwa kufua soksi zake."

Walicheka wote, Bi Stavrula akilishika shavu lake na kulalamika kwamba wanamuua. Trena akaendelea na ziara mpaka mwisho, akitaja kila jina mbele ya mwenye nalo.

Wageni walipoondoka, Ilcho alimfuata.

"Kitabu cha waongozaji kina jina moja, binti."

"Nitaanza na la kitabu, mjomba. Kisha nitawauliza wao."

"Na wakigombana?"

"Nitawaambia wamlishe."

Ilcho alikuna kidevu. "Jumatatu njoo bila ufagio."

Mkataba wa mwaka mzima unadai cheti cha shule ya msingi, naye hana. Septemba Trena ataanza masomo ya jioni ya watu wazima. Atakuwa mkubwa kuliko wenzake wengi, na hilo halimsumbui tena. "Aibu ilinila miaka mingi," anasema. "Haitashiba. Bora nami nile."

Kabla ya Pentekoste ikaja Jumamosi nyingine ya wafu. Mama alichota ngano na kufungua kinywa. Trena akaweka kikapu chini, akakichukua kijiko mkononi mwa mama. Mwanamke mmoja asiyemjua alikuwa akipita. Trena akamnyooshea kijiko, na kwa sauti iliyomfanya Bibi Kita ageuke, akasema:

"Kwa roho ya Lenka. Kwa roho ya Eleni. Kwa roho ya Elena. Njoo ule, bibi yangu. Ni mimi, Trena, ninayekuita."