Bihogo Azuia Maziwa

Krismasi haina adabu. Inaingia nyumba yoyote, hata ile ambayo watu bado wanaijia kutoa pole. Ilipomfikia Veneranda kijijini Simbo, mwaka ule nchi jirani ya Burundi ilipowaka vita na wakimbizi wakawa wanapita barabarani na mikeka yao kichwani, ilimkuta na ng'ombe wawili na mjukuu mchanga.

Mjukuu aliitwa Melania. Mama yake, kitinda mimba wa Veneranda, alifariki siku ile ile ya kujifungua, na tangu hapo mtoto aliishi kwa maziwa ya Bihogo, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyolala. Ng'ombe wa pili alikuwa na mimba, hana hata tone. Maziwa ya kopo yalishaadimika mpaka sokoni Mwanga, kule mjini. Kwa hiyo tuelewane mapema: Bihogo akitoa maziwa, Melania anaishi. Asipotoa, uji wa muhogo haumfikishi popote mtoto wa umri ule.

Sasa wewe unayekunywa maziwa bila kumjua aliyeyatoa, sikiliza. Ng'ombe wa kienyeji hamshushii mtu maziwa hivi hivi. Kwanza ndama wake anyonye kidogo, akisukumesukume kiwele, mama amnuse na kumlamba, ndipo yashuke. Ndama wa Bihogo alikufa kwa ndigana, homa ile ya kupe, mwezi ule ule wa Desemba. Veneranda hakupata hata nafasi ya kusikitika. Alimchuna, akaipaka ngozi chumvi ya Uvinza, akaijaza nyasi kavu na kuishona. Kila alipokamua aliweka lile ndama la ngozi mbele ya Bihogo, Bihogo akalilamba, akaguna, na maziwa yakaja. Kilikuwa kitendo cha kumdanganya mama aliyefiwa, na aliyekitenda alikuwa mama aliyefiwa vilevile. Veneranda alimwomba radhi ng'ombe wake kila mara, kisha akakamua.

Mvua zilivyozidi, ngozi ikaanza kunuka. Mkesha wa sikukuu akaitoa nje, akaitundika juu ya uzio ipigwe na upepo. Jirani yake Dismasi, aliyekuwa anapita na fungu lake la nyama, alimwonya.

"Dada, iweke ndani hiyo. Siku hizi njiani watu ni wengi."

"Nani aibe ngozi inayonuka, Dismasi? Hebu nenda ukale nyama yako."

Hapo ndipo alipokosea. Veneranda alikuwa maskini tangu azaliwe, lakini njaa yenyewe, ile ya mtu aliyekimbia na nguo za mwilini tu, hakuwahi kukutana nayo.

Asubuhi ya Krismasi uzio ulikuwa mtupu. Bihogo aligeuza kichwa huku na huku akitafuta. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa, lakini Veneranda alipokamua hakupata hata cha kulowesha kidole. Alimbembeleza. Alimwimbia. Alimtukana matusi ambayo Padri angeshangaa kuyasikia siku kama ile. Bihogo akarusha teke, kibuyu kikaenda zake. Ndani ya nyumba Melania alikuwa analia, kisha sauti ikaanza kufifia, na hilo ndilo lililomtia wazimu bibi yake. Mtoto anayelia bado ana nguvu.

Nyasi zilizomwagika kutoka kwenye ngozi zilichora njia hadi kijitoni. Veneranda alizifuata na fimbo ya ng'ombe mkononi, akiwa na nia ya kuvunja mtu mgongo. Huko alimkuta mwanamke na watoto watatu wamezunguka debe lililokuwa linachemka. Manyoya yalishababuliwa motoni, ngozi imekatwa vipande. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa amekishika kimoja kwa mikono miwili, anakinyonya.

"Mmemla mjukuu wangu!" Veneranda alipiga kelele.

Yule mwanamke, aliyeitwa Yunisi, alipiga magoti. "Mutubabarire, mama," alisema. Kirundi na Kiha ni ndugu, Veneranda alielewa kwamba anaombwa msamaha. "Kwetu hatukuwa na ng'ombe. Tulidhani ile ngozi imetupwa."

Fimbo haikupanda. Veneranda aliketi palepale kwenye tope, akaeleza kila kitu, ndama, binti yake, mtoto aliyeachwa kitandani. Alipomaliza, Yunisi alitumbukiza mkono kwenye maji ya moto, akatoa kipande kikubwa kilichobaki, akakifunga kwa jani la mgomba.

"Twende, mama. Labda atakitambua."

Walikwenda na watoto nyuma yao. Barabarani watu waliovaa vitenge vipya walikuwa wanaelekea kanisani. "Krismasi njema, bibi!" walisema, wakapita. Zizini Bihogo alinusa kile kipande, akapiga chafya, akageuka. Harufu ya mwanawe ilikuwa imebaki kwenye debe.

Veneranda aliingia ndani na kutoka amempakata Melania. Aliokota gunia alilokuwa analalia ndama, bado lina mavi na manyoya, akamviringisha mtoto humo. Kisha akachukua chumvi, akailowesha, akampaka kichwani.

"Unafanya nini?" Yunisi aliuliza.

"Mshike. Msogeze kwake. Akilia usimwondoe."

Bihogo alinusa gunia. Alinusa tena, muda mrefu, halafu ulimi ule unaokwaruza kama msasa ukapita juu ya utosi wa Melania. Mtoto alipiga ukelele. Yunisi naye akalia, lakini hakumwondoa. Chini, huku paji la uso wake limeegemea ubavu wa ng'ombe ili asione, Veneranda alivuta chuchu, na Bihogo akaguna, na maziwa yakashuka. Alikamua haraka kama mwizi, kwa sababu kila alipopata fundo moja la maziwa alisikia bei yake katika kilio cha mtoto.

Yalifika nusu kibuyu. Melania alikunywa kwa pupa, akishikwa na kwikwi kati ya fundo na fundo, mpaka macho yakajifumba. Kichwa chake kilikuwa chekundu chote, na mahali pawili ngozi ilikuwa imechubuka. Veneranda aliiosha chumvi taratibu, akapaka samli. Hapo sasa alilia, kwa sauti, bila kumjali yeyote.

Yunisi alikusanya watoto wake, akainamisha kichwa kuaga.

"Unakwenda wapi?" Veneranda alimuuliza, akijifuta pua kwa khanga. "Kaa. Jioni anakamuliwa tena, na peke yangu siwezi kumshika mtoto huku nakamua."