Usaili wa Binti Yangu

Nilipaswa kusema ndiyo, mpeni mtu mwingine. Mwongozaji wa tamthilia alinipigia simu kutoka London akaniuliza, kwa upole wa watu wasiotaka kukuudhi, kama yule msichana mwenye jina la ukoo langu ni ndugu yangu. Nikasema ni binti yangu. Akasema basi usaili wake wangeweza kuutafutia msimamizi mwingine, ni jambo la kawaida, wala lisingenishushia heshima.

"Hakuna haja," nikamjibu. "Nitampima kama wenzake."

Nilijiona mwadilifu. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mtu akijiona hivyo, aketi kwanza. Sikuketi. Nilizunguka sebuleni kwetu Akalla, kitongoji cha Stockholm, mke wangu akaniuliza natafuta nini, nikasema miwani. Ilikuwa usoni.

Kazi yangu ilikuwa kuteua waigizaji wa tamthilia za televisheni za Uingereza. Nilianza London, kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, nikipanga picha za waigizaji kwenye makabati, mpaka wakaniamini kuwachagua waigizaji wenyewe. Nilipomfuata mke wangu Stockholm, hawakuniacha: kila hadithi iliyohitaji watu wa kwetu ilinifikia. Hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Mhusika mkuu alikuwa muuguzi kijana, mzaliwa wa hapa hapa Stockholm, anayezungumza Kiswahili na baba yake mgonjwa. Binti yangu alizaliwa hapa, alisoma maigizo shuleni, alifanya kazi shule ya chekechea huku akisubiri nafasi kama hiyo. Aliomba bila kuniambia.

Katika kazi yetu, msimamizi ndiye anayesoma maneno ya upande wa pili, na huyasoma bila kuigiza, ili kamera ibaki na anayesailiwa. Basi nikakaa kwenye kiti cha plastiki, chumba cha kukodi, nikasoma maneno ya baba kwa sauti kavu. Yeye akanijibu. Kiswahili chake kilikuwa na ule mpando na mteremko wa sauti ya Kiswidi, na pale alipokosa neno alinyamaza, akameza mate, akaendelea. Mwishoni alinishika mkono. Haikuandikwa hivyo. Nilisahau mstari wangu.

"Pappa, ni zamu yako," akaninong'oneza.

Nilipaswa kuandika nilichokiona. Lakini Jumapili iliyotangulia, baada ya ibada, mama mmoja Mkenya alikuwa amemsikiliza binti yangu akiwasalimu wazee, akanigeukia mbele ya watu wote na kikombe chake cha chai.

"Mzee, huyu mtoto Kiswahili ulimwekea kwa friza? Kimetoka kimeganda."

Walicheka, nami nikacheka. Mzee wa Kikongo akaongeza kwamba afadhali mwanangu, watoto wake yeye hawana hata hicho cha kuganda. Nilirudi nyumbani na kicheko kile kama mchanga kiatuni.

Kwa hiyo mwongozaji aliponiuliza kwenye kompyuta nimemwonaje, nilisema uigizaji mzuri, lugha dhaifu.

"Lakini si mzaliwa wa huko, kama mhusika?"

"Watu wetu watacheka," nikasema.

Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa waseme nimempendelea, na niliogopa zaidi dunia nzima isikie jinsi nilivyomfundisha mwanangu lugha yangu. Nikaita hofu hizo mbili uadilifu.

Nafasi akapewa mwigizaji wa London, hodari, aliyekulia kwenye Kiingereza kitupu. Nikapewa kazi ya kumfundisha maneno yake kwa njia ya kompyuta. Nilimfundisha Kiswahili nilichosomeshwa shuleni Tanga. Baada ya wiki mbili mwongozaji akasema anasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Hakuna muuguzi wa Stockholm anayeongea hivyo. Akauliza, tuna rekodi yoyote ya msichana wa huko, amwige?

Tulikuwa nayo, ya usaili wa binti yangu. Niliituma mwenyewe, asubuhi, kabla ya kunywa chai. Sikumwomba binti yangu ruhusa. Nilijiambia ni mafunzo tu, hakuna atakayejua.

Tamthilia ilipoonyeshwa, binti yangu alikuja kuitazama nyumbani kwetu, maana alijua nilisema Kiswahili chake ni dhaifu, na alikuwa amenisamehe. "Nitakosa nafasi nyingi, baba, ndiyo kazi ilivyo," alikuwa ameniambia. Tukaketi watatu. Yule mwigizaji akafungua mdomo, na ikatoka sauti ya binti yangu: mpando, mteremko, kule kunyamaza na kumeza mate. Akamshika baba yake mkono.

Binti yangu hakupaza sauti. Aliniuliza kwa Kiswidi, "Uliwapa?"

"Niliwapa."

"Kilikuwa kibaya kwangu, kikawa kizuri kwake?"

Mke wangu aliniangalia, akingoja nijibu. Nilisema kitu kuhusu taratibu za kazi. Binti yangu alivaa koti, akafunga zipu mpaka kidevuni, akatoka.

Hilo lina miaka sita. Aliacha uigizaji. Mama yake humtembelea Norsborg anakoishi, mimi siitwi. Ana mtoto wa kike wa miaka mitatu ambaye nimemwona kwenye picha tu. Kwa kukubali kumhukumu mwanangu nilimpoteza yeye, na mjukuu wangu hanijui.