Mubaya Asiyepiga Makelele

Bwana yangu Anatole alikuwa na kibanda ya filme hapa Baraka kando ya ziwa, ya mabanzi na shitingi, ile turubai ya plastiki, karibu na pahali mitumbwi ya kutoka Swima inashusha samaki. Filme yenyewe ilikuwa ya bapelelezi, bale ba kuiba siri za serikali, Kiingereza tupu, mutu hasikii hata neno. Anatole naye hakukisikia sana. Alikaa kando ya televizyo na mikro, anatuelezea kwa Kiswahili yetu: huyu anadanganya, huyu anaogopa, muangalie mukono yake. Batu balikuja kusikia mudomo yake, hapana kuona picha. Mi niliuza mandazi ku mulango, na kila siku alinikasirisha, chakula inapoa yeye bado anabishana na batu habari ya babaya ba filme.

Juu ya babaya, lo, alikuwa hamalizi! "Constance," ananiambia, "mubaya anayepiga makelele, ukitoka tu ku mulango umemusahau. Ule anayebaki mu kichwa ni mutumishi yake, anayesimama nyuma. Haongei. Iko na kitu yake moja anapenda: anamenya chungwa, anachana nywele. Na anasema aksanti." Ninamujibu, "Kula kwanza." Anacheka, hakuli.

Tulikuwa na desturi mu kibanda ile. Mutumishi wa mubaya akitokea mara ya kwanza, batu banamupa jina ya mutu wa Baraka anayefanana naye. Siku moja balimwita Néhémie, juu Néhémie anayepima samaki pale pwani alikuwa anakandamiza mizani na kidole. Ukiitwa na uko ndani, unasimama, unanyoosha mikono, bote banapiga makofi. Néhémie alisimama akacheka mpaka machozi. Kukasirika ilikuwa haya kubwa.

Kisha vita ya pili ya inchi yetu ikatufikia. Bale ba silaha balikamata nyumba moja kubwa ku barabara, komanda yao akakaa mule, na nyuma ya komanda alikuwa Bonaventure. Bengine balipiga batu, balitukana, baliiba mbuzi. Bonaventure hapana. Alikuwa na kitambaa nyeupe, anapangusa viatu yake polepole, hata mu matope. "Jambo mama. Mandazi iko moto? Aksanti mama." Na mutu aliyetembea naye upande wa ziwa, hatukumuona tena. Nilimuogopa kupita bote. Anatole akakataza ile mambo ya majina. "Sasa basi," aliambia batu. "Tuangalie tu." Baliitika bote.

Lakini mudomo ikishazoea! Alasiri moja ya mvua, kibanda imejaa, mutumishi akatokea ku picha: kimya, suti safi. Akatoa kitambaa, akainama, akapangusa kiatu. Kibanda yote, kwa sauti moja, bila mutu kufikiri: "Bonaventure!"

Bonaventure mwenyewe alikuwa mbele yangu, anachagua mandazi.

"Mama," akasema, "nani ananiita?"

Mungu wangu! Akaingia. Kicheko ikakatika. Anatole, mikro mukononi, akamuelezea desturi yote. Bonaventure akasikiliza. Akasimama katikati, akanyoosha mikono. Hakuna aliyepiga makofi. Anatole akaanza peke yake, kisha bote bakapiga kwa nguvu, bengine machozi inashuka, na haikuwa ya kicheko. "Aksanti," akasema, akakaa mbele. "Endelea, papa."

Nilijua ile filme. Karibu na mwisho, mukubwa anamuua mutumishi yake mwenyewe, kwa mukono yake, juu anajua mambo mingi. Nikazunguka nyuma, nikafunga bomba ya mafuta ya grupu, mashini yetu ya umeme. Ikakohoa, ikazimika. Mi nikasema mu roho: tumepona.

Bonaventure hakuinuka. "Nielezee kwa mudomo," akasema. "Mwisho yangu iko wapi?"

We Anatole! Ungesema anatoroka. Ungesema anaoa, anarudi kwa mama yake, nani angekubishia? Lakini hapa kwetu, muelezaji wa filme anayegeuza mwisho, batu banamuondoa ku kiti, na ile kiti ilikuwa heshima yake yote. Kichwa ngumu! "Anakufa," akasema. "Mukubwa yake mwenyewe anamuua. Anajua mambo mingi."

Bonaventure alipangusa kiatu moja. Ya pili akaiacha. "Aksanti papa," akasema, akatoka mu mvua.

Kesho yake hakuwako. Bengine balisema amevuka ziwa, bengine balisema amepanda milima upande wa Minembwe. Alikimbia mukubwa yake, na siri zote za komanda mu kichwa. Komanda akauliza nani alimutia mawazo ile. Kibanda yote ilisikia, basi jibu haikukawia.

Batu ba komanda balikuja muchana, mi niko nachoma mandazi. Mukubwa wa ile kundi alipiga makelele, alipiga sufuria teke, alitukana mama yangu. Anatole aliomba avae viatu, bakakatala. Alinigeukia, akasema, "Constance, mandazi itaungua." Bakamusukuma inje. Sikumuona tena, hata kaburi yake siijui.

Vita ilipoisha, balikuja batu ba haki, bapole, na maswali. "Mama, nani alimuchukua bwana yako? Anafanana namna gani?" Nikafungua mudomo. Bonaventure ninamuona wazi mpaka leo: kitambaa, kucha zake, ile sauti. Na yeye hakumugusa Anatole hata na kidole. Ule wa makelele nilimutafuta mpaka kichwa ikaniuma. Mufupi? Murefu? Alikuwa na ndevu? Nililia mbele yao kwa hasira. Hata leo ule wa makelele akikuja kwangu kununua mandazi nitamuuzia bila kumutambua, na nitamuambia karibu tena.